Neno Shangwe na Pembe za Bi Esha

Hapana, Saumu. Shangwe si spika. Mara ya kwanza uliliandika hilo kwenye kikundi chetu cha wasapu, nikanyamaza, na wanaonijua wanajua kwamba kunyamaza kwangu ni kazi kubwa kuliko kuimba. Juzi ukarudia mbele za watu, pale kwa fundi wa nguo Kisauni, wenzako wamekuzunguka: "Shangwe ni sauti tu. Ukiwa na mtambo mkubwa una shangwe, ukiwa na mdogo una furaha. Na neno lenyewe ni Kiarabu kama mengine." Kisha ukacheka: "Na Kadzo atajuaje? Mgiriama wa Mjambere, mtu wa kanisani." Na hapo hapo, bila haya, ukaniomba zile pembe za Bi Esha uzitundike jukwaani ziwe pambo.

Haya. Mgiriama wa Mjambere amekaa kitako, anaandika. Na wengine wote mnaoshika maiki kwenye arusi za wanawake huku bara, someni, kwa sababu sitarudia. Siwezi kurudia hata nikitaka. Daktari alinimulika kooni akasema kuna vinundu, na nikiendelea kupiga kelele vile nitakuja kuongea kama pakacha linaloburutwa. Kwa hivyo nimestaafu, na hata mvi sina. Mama yangu akiulizwa binti yako anafanya nini siku hizi, anasema "amestaafu," watu wanamtazama kama amewatania.

Nilianza kazi kwa ugomvi. Nilikuwa nimeitwa kuosha masufuria kwenye arusi moja Magogoni, nikagombana na mpishi kwa sababu ya ukoko wa pilau. Yeye alisema ni wake, mimi nilisema anayesugua sufuria ndiye mwenye ukoko. Nadhani walinisikia mpaka barabara ya Malindi. Mama mmoja mnene, amevaa buibui, akatoka ndani polepole, akasimama akanitazama kama mtu anayechagua nazi.

"Nani huyu mwenye koo la mwadhini?"

Nikamwambia, "Mimi, na ukoko ni wangu."

"Ukoko tumekupa. Shikamoo yangu iko wapi?"

Nikaamkia. Akaitikia marahaba, akasema, "Sauti unayo, mwanangu. Adabu ndiyo tutakayoitafuta. Kesho ndoo kwangu." Ndoo ya kwao ni njoo ya kwenu.

Huyo ndiye Bi Esha. Watu wake walihamia Magogoni kutoka Mji wa Kale zamani, na yeye ndiye aliyekuwa akiongoza shughuli za arusi za wanawake mtaa ule na mitaa ya jirani. Hakujiita emsii. Alisema yeye ni mwenye kuamsha shughuli. Anayemsema vibaya Bi Esha mbele yangu mpaka leo ajipange, hilo nalisema mapema.

Siku ya kwanza nilidhani atanipa maiki. Hakunipa. Alinipitisha nyumba hadi nyumba. Kabla waya haujachomekwa, tulianza nyumba ya kulia ya wenye arusi, ya kushoto, ya mbele na ya nyuma, kisha zile za pembeni. Kila mlango maneno yale yale, bila haraka: "Hodi hapa. Kwema? Hamna mgonjwa? Hamna mwenye msiba? Leo tuna shughuli hapo kwa fulani, mtuwie radhi." Halafu anasimama, anasubiri ajibiwe. Hilo la kusubiri ndilo lililonishinda. Mimi nilikuwa nikishasema "mtuwie radhi" mguu uko kwa jirani wa pili, ananishika leso ananirudisha. "Umeuliza. Sasa ngoja uambiwe."

Na watu walikuwa na ya kusema. Mama mmoja alikuwa na mtoto mwenye homa, tukageuza spika ikatazama upande wa pili. Nyumba moja kulikuwa na kijana wa fomu foo ana mtihani, tukaahidi kuanza baada ya alasiri. Mzee mmoja alisema, "Pigeni mtakavyo, lakini zile nyimbo za kutukanana mkizianza mniite, nataka kusikia vizuri." Nilimuuliza Bi Esha, hizi nyumba zote hazikualikwa, kwa nini tunajisumbua? Akanijibu tukiwa njiani, jasho linatutoka: "Waalikwa waja na furaha yao. Hawa ndio watakaotupa shangwe."

Basi hilo neno likaniingia kama mchanga kwenye kiatu.

Vifaa vyangu nitavitaja kwa sababu nyinyi mnapenda kuuliza. Maiki, na leso ya kuifunga isiteleze mkono ukilowa jasho. Chupa ya maji ya tangawizi, ambayo daktari anasema haikunisaidia kitu. Viatu vya chini. Na pembe. Bi Esha alikuwa na pembe za ng'ombe za kupigia vugo, ile ngoma ya wanawake wanaokwenda na bibi arusi au na vitu vyake barabarani wakiimba. Unashika pembe mkono mmoja, unaigonga kwa kifimbo, inatoa mlio mkavu, ka, ka-ka, usiohitaji umeme. Zilikuwa za mamake, zimeiva rangi ya kahawa, anaziweka ndani ya kikapu zimefungwa kwenye leso kuukuu. Mimi niliruhusiwa kubeba kikapu. Kugusa, bado.

Sasa neno. Sikusoma sana, niliishia darasa la nane, lakini kitu kikinikera nakifuata mpaka kwao. Nilianza kwa Maalim, jirani yetu Mjambere, anayefundisha watoto chuoni, yaani madrasa. Nikamkuta anakunywa chai barazani.

"Maalim, furaha ni Kiarabu?"

"Furaha ni Kiarabu."

"Na bashasha?"

"Kiarabu pia. Hiyo ni ile furaha inayoonekana usoni, mtu akikupokea ukajua amefurahi kukuona. Wewe huna, lakini wengine wanayo."

"Na shangwe?"

Akaweka kikombe chini. Akafikiri. Akasema, "Hilo silijui kwenye Kiarabu changu. Hilo nadhani tulikuwa nalo wenyewe."

Umesikia, Saumu? Na Maalim si Mgiriama.

Nikaenda kwa hawe wangu, yaani mama yake baba, nilidhani labda neno lilitoka kwetu bara ndani likashuka pwani na mihogo. Nikamuuliza nyinyi zamani mkifurahi sana mlikuwa mnaiitaje. Akanitazama kama nimeugua. "Tulikuwa tunacheza. Nani alikuwa na nafasi ya kuuliza jina?" Nikaondoka na embe mbili na bila jibu.

Nikaenda maktaba, nikaomba kamusi. Nikakuta kushangaa, kushangilia na shangwe zimekaa karibu karibu, ukurasa unagusa ukurasa. Nikajiambia, kumbe ni ndugu: shangwe ni furaha inayokushangaza, ile inayokukuta hukuitegemea. Nilifurahi na ugunduzi wangu njia nzima. Nikamwambia Maalim, akasema vitu kukaa karibu kwenye kamusi si kuzaliwa pamoja, wewe na duka la mkaa pia mmekaa karibu. Sawa. Mpaka leo sijui kwa hakika, na simdanganyi mtu. Lakini dhana yangu sijaiacha, na mtasikia kwa nini.

Bi Esha nilimwachia mwisho, kwa sababu yeye ukimuuliza swali anakupa kazi. Akasema, "Jaribu kukaa chumbani pako peke yako, mlango umefungwa, ufurahi. Utaweza?" Nikasema naweza. "Haya, sasa kaa humo humo peke yako ufanye shangwe." Nilijaribu, wallahi. Nilisimama katikati ya chumba, nikapiga kigelegele kimoja, ndugu yangu akagonga ukuta akauliza kama nimeona nyoka.

Kwa hivyo nusu ya kwanza nilikuwa nayo: shangwe haifanywi na mtu mmoja. Hiyo hata nyinyi mngeijua mngeangalia kazi yenu. Nimeshika maiki kwenye kumbi zenye spika zinazotikisa soda mezani, wageni wote wametazama simu, bibi arusi anaingia, na kitu kinachosikika ni mtambo peke yake. Spika ile ilikuwa kubwa kuliko mlango wenu. Shangwe ilikuwa wapi? Mafundi walinambia niongeze sauti. Niliongeza. Ilikuwa kama kumkaripia maiti.

Nusu ya pili niliipata siku ya begi la Rehema.

Bi Esha alikuwa na mumewe, Mzee Athmani, mtu mpole aliyekuwa akitengeneza redio na kutuazima nyaya. Akaugua, akafariki. Bi Esha akaingia eda, ile miezi ya mjane kukaa ndani, hatoki, hajipambi, hajifukizi udi. Kazi nikaachiwa mimi. Na shughuli ya kwanza ya kuongoza peke yangu ikawa ya nyumba iliyopakana na yake, ukuta kwa ukuta: binti wa Mama Rehema, Rehema mwenyewe, ambaye Bi Esha alimpokea siku aliyozaliwa na alikuwa ameshamwahidi kumpigia vugo.

Rehema alikuwa amewahi kuposwa kabla, na posa ile ikavunjika, na mtaa ulisema uliyoyasema. Mnajua watu. Sasa amepata mtu mwema, kijana wa Likoni, na siku ya begi ndiyo hiyo wanawake wa upande wa bwana arusi wanavuka feri na vitu alivyonunuliwa bibi arusi, wanakuja kwa miguu kutoka barabarani, wakiimba, kila dirisha linaona. Ndiyo maana yake. Begi likiingia kimya, watu watauliza kuna nini kinachofichwa, na kwa Rehema wangejua pa kuanzia.

Lakini ukutani kuna mjane. Mama Rehema alikata shauri mwenyewe: hakuna pembe, hakuna kigelegele, vitu viletwe na tuktuk vipitishwe mlango wa nyuma. "Siwezi kumpigia Bi Esha vugo sikioni," alisema, huku analia. Rehema alikuwa amekaa kitandani, hina mikononi haijakauka. Alisema neno moja tu: "Sawa." Mimi nilikubaliana na mamake. Nilizunguka nyumba zote za mtaa tangu asubuhi kama nilivyofunzwa, lakini safari hii nikisema leo hakuna sauti, kwa heshima ya Bi Esha. Kila mlango ulisema ndiyo, hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Baada ya alasiri wakafika watu wa Likoni. Kundi zima, wamevaa sare, na mbele yao Bi Saada, shangazi wa bwana arusi, mwanamke mrefu mwenye miwani. Nikawangoja kwenye kona. Nikawaambia.

"Tumpe pole mjane, tena pole nyingi," alisema Bi Saada. "Lakini mwanetu haoi kama mtu aliyeiba. Tutapita mbele."

"Mtapita nyuma."

"Wewe ni nani yao?"

"Mimi ndiye ninayeongoza hapa."

"Ongoza, basi. Umesimama tu."

Hapo moto ukanipanda. Nikapanua mikono katikati ya njia nikasema atakayegonga pembe hapa aanze na kichwa changu, angalau na chenyewe kitatoa mlio. Mmoja akasema nyuma, "Kitatoa, kitupu hicho." Wenzake wakacheka. Nikavua kiatu. Siombi radhi kwa hilo. Ningefanya vile tena leo, koo likiruhusu. Watu walikuwa wameshaanza kutoka milangoni, na nikaona Mama Rehema amejishika kichwa, kwa sababu sasa badala ya arusi ya kimya alikuwa na ugomvi wa wazi.

Dirisha la Bi Esha likafunguka kidogo. Sikuona uso. Nilisikia sauti tu.

"Kadzo."

"Abee."

"Vaa kiatu. Ndoo."

Nikaingia. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, amevaa nguo nyeupe, amekonda, kipochi cha dawa za Mzee Athmani bado kiko dirishani. Sikumzoea bila wanja. Nikakaa chini.

"Leo umepiga hodi nyumba zote?"

"Zote, Bi Esha. Mpaka kule kwa fundi baiskeli."

"Na yangu?"

Nikasema, "Yako sikuwa na haja, Bi Esha. Yako najua."

"Wajua nini?"

"Kwamba una msiba."

"Basi mwenye msiba ndiye wa kuulizwa. Nilikufunza nini mimi? Mumezunguka mtaa mzima kuwauliza wasiofiwa." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Mama Rehema hakuja. Wewe hukuja. Mumekaa mukanijibia. Tangu asubuhi nimekaa hapa nangoja hodi, nasikia miguu yapita mlangoni kwangu kama mimi ndiye niliyezikwa."

Nilitaka kusema tulikuwa tunakuheshimu. Lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi, nikaona neno hilo halifai.

Nikainuka. Nikatoka nje, nikafunga mlango. Watu wa Likoni wananitazama, mtaa unanitazama. Nikageuka nikabisha mlango ule ule niliotokea sasa hivi.

"Hodi hapa. Kwema?"

Ndani pakapita muda. Nikangoja. "Si kwema sana," akasema. "Tumefiwa."

"Poleni. Leo tuna shughuli hapo kwa Mama Rehema. Mtuwie radhi."

Nikangoja tena. Na safari hiyo mguu wangu haukwenda popote.

"Ingia," akasema.

Kikapu kilikuwa miguuni pake. Akafungua leso, akanipa pembe, moja baada ya moja, mkononi. "Mimi sitoki, na sitapiga, na usiniombe. Furaha sina hata ya kumpa paka. Lakini Rehema asipite nyuma kama mwizi kwa ajili yangu. Mpite mbele ya mlango wangu. Mukifika hapa munyamaze, mumsomee Mzee Athmani Fatiha. Kisha muendelee, na mupige musikike."

Nilimpelekea Bi Saada pembe ile kubwa. Hakuuliza. Alijua ni za nani kwa jinsi nilivyozishika. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Wewe ndiye unayeongoza," akaniambia. "Tupeleke."

Tukaanza kule barabarani. Sauti ilikuwa ndogo mwanzo, ka, ka-ka, wanawake wanaimba kwa hadhari kama wanaokanyaga vioo. Tulipofika mlango wa Bi Esha tukasimama. Ikasomwa Fatiha. Mimi sijui maneno, niliinamisha kichwa nikasema yangu. Ikawa kimya, mnasikia kuku. Halafu kutoka ndani, nyuma ya lile dirisha, Bi Esha akasema kwa sauti yake ya kazini, ile iliyokuwa ikiamsha kumbi, "Haya, mwangoja nini? Mpelekeeni mtoto vitu vyake."

Siwezi kuwaeleza kilichofuata, na mimi ndiye niliyekuwa nikilipwa kueleza. Kigelegele cha kwanza hakikutoka kwa watu wa Likoni. Kilitoka nyumba ya mbele, kwa mama ambaye hakualikwa. Kikajibiwa na ya nyuma yake. Mtaa mzima ukatoka, wengine na mikono ya unga. Bi Saada alikuwa anagonga pembe huku machozi yanamtiririka chini ya miwani. Rehema akatoka mlangoni, kitu ambacho hakitakiwi, na kwa mikono ya hina mbichi akaishika leso yangu. Doa lipo mpaka leo. Spika ilikuwa imekaa pembeni haijachomekwa. Nilikuja kuikumbuka kesho yake.

Hiyo ndiyo nusu ya pili. Furaha ilikuwa ya Rehema, ya kwake ndani. Bi Esha hakuwa nayo, alisema mwenyewe, na hakusema uongo maishani mwake. Lakini shangwe ilitoka kwake. Ni neno la furaha ambalo hata asiye na furaha anaweza kulitoa, na asipolitoa, mwenye furaha atapita mlango wa nyuma. Sijalikuta kwenye kamusi hilo. Na ndiyo maana bado nashikilia kwamba ni ndugu na kushangaa, Maalim aseme atakavyo, kwa sababu siku ile hakuna mtu mtaani pale ambaye hakushangaa.

Bi Esha alimaliza eda yake, akarudi kazini, tukagombana miaka mingi zaidi. Sasa yuko kwa bintiye, magoti yamemchoka, na kila nikienda ananiuliza kama nimepata wa kumwachia pembe. Alinipa zote siku aliyoacha. Akasema zisikae kabatini, na zisiende kwa mtu asiyejua kungoja.

Saumu, sauti unayo. Nimekusikiliza nikiwa nimesimama nje ya ukumbi wako, na nilikasirika kwa jinsi ulivyo mzuri. Pembe niko tayari kukuletea mwenyewe, kwa kikapu chake na leso yake, leo. Lakini Jumamosi iliyopita pale Mjambere ulishuka kwenye tuktuk, ukachomeka waya, ukaanza. Nyumba iliyo nyuma ya ukumbi ule, yenye mlango wa kijani, dirisha lake halikufunguliwa siku nzima. Anakaa nani?